Noti ya Elfu Moja Kati ya Mti na Mtutu

Matundu yalikuwa matano, yanapanda kuelekea kulia kama ngazi. La kwanza lilikuwa sentimita sita kulia kwa doa jeusi, la pili juu yake kidogo, na la tano limekaribia ukingo wa karatasi. Nilikuwa nimesimama mbele ya shabaha, mita 100 kutoka kwenye meza niliyopigia, na mfukoni nina karatasi nyingine, ya mwezi wa pili. Ile nayo ina matundu matano, lakini ukiyafunika kwa kikombe cha kahawa, kile kidogo cha wauza kahawa wa barazani, huoni hata moja.

Bunduki ni ileile. Risasi zimetoka kwenye boksi lilelile. Darubini haijaguswa, na mpigaji ni mimi. Kilichopita katikati ni masika.

Mimi ni seremala wa Keko. Vitanda, makabati na milango ndivyo vinavyonilisha. Bunduki niliirithi. Baba alikuwa dereva wa magari ya uwindaji kule kusini. Uwindaji uliposimamishwa nchini mwaka 1973 alirudi mjini, ulipofunguliwa tena 1978 akarudi porini, na miaka michache baadaye akanunua kwa kibali bunduki yake mwenyewe: Brno ZKK 600, ya risasi za saizi ya .30-06, kazi ya Czechoslovakia. Nimekua nikiisikia ikitajwa nyumbani kama mtu wa ukoo.

Alipofariki, tulipoanua tanga tu tuliipeleka kituo cha polisi, kama inavyotakiwa. Kuipata kwa jina langu kulichukua muda mrefu: barua ya serikali ya mtaa, alama za vidole, kamati, mahojiano, maswali ya unaitakia nini na utaiweka wapi. Nasikia watu wengi wakilalamikia safari hiyo. Mimi naona maswali yale ni ya haki kabisa. Risasi ya .30-06 ina uzito wa gramu kama 12 na hutoka mdomoni mwa mtutu kwa mwendo wa zaidi ya mita 800 kwa sekunde. Mtu anayekabidhiwa kitu cha namna hiyo lazima aulizwe, na aulizwe tena.

Siku niliyokabidhiwa ndipo nilipouona vizuri mti wake, yaani kile kitako cha mbao kinachobeba chuma na mtutu. Ulikuwa umepasuka shingoni, nyuma tu ya chuma, ufa mrefu kama kidole. Baba aliipenda bunduki yake kwa mafuta. Kila ilipotoka porini aliifuta, akaipaka, akaisimamisha kabatini mdomo ukitazama juu. Miaka zaidi ya thelathini mafuta yale yakawa yanashuka polepole kwenye mtutu, yanapita kwenye chuma, yanaishia shingoni. Mti ukawa mweusi na laini, ukucha unazama. Halafu chuma kilikuwa kimekaa kwa kubana kabisa upande wa nyuma, hakuna nafasi hata ya unywele, kwa hiyo kila bunduki iliporudi nyuma ilikuwa inaupiga mti uleule laini kama kabari. Hata ungekuwa mti wa aina gani ungepasuka. Leo ya kwangu nailaza, na nikilazimika kuisimamisha, mdomo unatazama chini.

Fundi wa silaha mwenye leseni akaipima chemba, pale risasi inapokaa, na mtutu, akasema chuma ni kizima. Nikauliza polisi kuhusu kitako kipya. Jibu lilikuwa kwamba namba ya bunduki iko kwenye chuma. Mti naweza kubadilisha, ila nikimaliza nirudi nayo ikaguliwe.

Hapa niseme jambo moja wazi, kwa sababu vijana wa karakana walianza kunitania kwamba natengeneza bunduki. Nilichonga mti. Chuma, chemba, bolti (lile komeo linaloifunga chemba) na triga sikuvigusa na sitavigusa. Ndani ya chemba ya .30-06 msukumo wa hewa ya moto unafika karibu mara 2000 ya upepo wa tairi la gari dogo, na kinachouzuia usikupasukie usoni ni chuma kilichotengenezwa na kupimwa kiwandani kwa kazi hiyo. Kijijini kwa baba kuna mzee mkono wake wa kushoto una vidole viwili. Alikuwa na gobore la bomba la maji. Amenionyesha mwenyewe, akaniambia nikawaonyeshe na wengine. Mbali na kuwa kosa la jinai, gobore la kujitengenezea ni kitu kinachomsubiri mwenye nalo.

Mti niliupata Kariakoo. Nyumba ya ukoo, ile ya Kiswahili yenye ukumbi katikati na vyumba huku na huku, ilikuwa inabomolewa kupisha ghorofa, na mwimo wa mlango wa mbele ulikuwa mninga mtupu, inchi tatu kwa sita. Shangazi alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki ng'ambo ya barabara, anatazama. Nilipomwomba ule mwimo akaniambia, "Chukua mwanangu. Baba yako kapita mlango huo tangu hajavaa suruali ndefu."

Mninga hausokoti. Ukishakauka unatulia, ndiyo maana milango ya zamani ya mninga inafungika mpaka leo. Rafiki yangu mchongaji wa Mwenge alinishauri mpingo, kwa sababu unang'aa na ni mgumu. Lakini mpingo unazama majini. Ukitengenezea kitako utabeba gogo. Nikautazama mwimo wangu kutoka pembeni, nikafuata mistari ya nyuzi zake kwa penseli, nikachora kitako ili nyuzi zipite shingoni moja kwa moja bila kukatika. Tundu tatu za misumari ya zamani ziliangukia sehemu ya kutupwa. Nilifurahi kama nimeokota.

Kazi nilifanyia nyumbani Temeke, usiku, mlango umefungwa kwa ufunguo. Bolti ilikuwa kwenye sanduku lake na risasi kwenye jingine. Karakana kuna watu wanaingia na kutoka, siwezi kupeleka silaha pale hata ikiwa vipande.

Anayetaka kujua kukalisha chuma kwenye mti kunavyofanyika, hivi ndivyo. Unawasha kibatari, utambi unaupandisha mpaka utoe moshi, unakipitisha chuma juu ya moshi ule mpaka kishike masizi, utando mwembamba mweusi. Kisha unakilaza chuma polepole kwenye mti ulioanza kuchimbwa, unakibonyeza, unakiinua wima bila kukiburuta. Palipoguswa pamebaki doa jeusi. Unachukua patasi iliyonolewa hadi inyoe malaika ya mkono, unaparuza lile doa tu. Unarudia. Mwanzoni madoa ni matatu manne, makubwa, na unakata tamaa. Wiki zinavyokwenda madoa yanakuwa madogo na mengi, mpaka usiku mmoja unainua chuma unakuta mti wote umefifia kijivu sawasawa, chini ya chemba mpaka kwenye lile jino linalopokea nguvu ya kurudi nyuma. Nilikaa nikautazama muda mrefu bila kushika chombo.

Nyuma ya chuma, pale palipoupasua mti wa baba, niliacha mwanya wa unene wa kadi ya benki. Mfereji wa mtutu nikauchimba hivi kwamba mtutu unaelea, haugusi mti kuanzia mbele ya chemba hadi mwisho. Lakini nilipenda uonekane umebana, kazi safi ya seremala, kwa hiyo mwanya niliuacha mwembamba sana.

Kisha nikapaka mafuta ya kitani kwa kiganja, mara kumi, kila mara nikisubiri yakauke na kupitisha msasa laini. Mninga ukatoa ile rangi yake ya asali iliyoiva. Nilipaka nje tu. Ndani ya mfereji sikupaka, na chini ya mpira wa kitakoni sikupaka. Ndivyo tunavyofanya kwenye makabati: upande wa mbele unapigwa vanishi mpaka ujione, mgongo unaoegemea ukutani unabaki mti mkavu. Nimefanya hivyo miaka ishirini, na hakuna mteja aliyewahi kurudi.

Mwezi wa pili, baada ya ukaguzi, nikaenda nayo renji, uwanja wa kulengea shabaha, kwa mara ya kwanza. Mjomba alinisindikiza. Tuliondoka alfajiri, kabla upepo wa kaskazi haujaamka. Afande aliyesimamia siku hiyo alikuwa mama wa makamo, sauti ya chini, asiyerudia neno. Akaangalia leseni, akahesabu risasi zangu 20 na kuziandika, akasema, "Fundi, bolti nje, mdomo mbele, kidole kikae mbali na triga mpaka nikwambie." Mjomba akaanza kumweleza historia ya bunduki, akamsikiliza kwa heshima, kisha akamwomba arudi nyuma ya mstari.

Tulianzia mita 25, kwa sababu bunduki yenye mti mpya na darubini iliyofungwa upya inaweza kuwa inapiga popote, na karatasi iliyo karibu inakuambia mapema. Tukasogeza mpaka doa, halafu tukahamia mita 100. Darubini yangu kila tiki moja inasogeza risasi milimita kama 7 kwa umbali huo. Nikazungusha, nikapiga, nikazungusha kidogo tena. Mwisho nikapiga tano za kukata shauri. Mjomba ndiye aliyekileta kikombe cha kahawa. Alikiweka juu ya matundu, akakizungusha, akanitazama, akashindwa kusema. Nililia kidogo pale, sioni aibu kusema.

Basi, turudi mwezi wa tano. Masika ya mwaka ule yalinyesha vizuri. Sanduku la chuma liko kwenye kona ya chumba, ukuta wa nje, na yeyote aliyeishi Temeke anajua kuta zinavyotoa jasho wakati ule. Msimu wa uwindaji hufunguliwa mwezi wa saba. Nilikuwa nimepanga kuomba kibali cha swala pala mmoja. Nikasema nipitie renji niipigishe mara moja tu, nijiridhishe, nirudi zangu.

Nilipoona ile ngazi ya matundu, nilifanya alichofanya kila mtu niliyewahi kumwona renji: nikashika darubini. Nikazungusha tiki 12 kushoto. Kundi la matundu lililofuata likaanzia kwenye doa, nikashusha pumzi, kisha tundu la pili likatoka, la tatu likapanda, yaleyale. Nikazungusha nane tena kushoto na sita chini. Nikaanza kujishuku pumzi yangu, bega langu, usingizi wa jana. Nikashuku risasi. Nikakaza skrubu za darubini ambazo zilikuwa zimekaza. Kila kitu nilikishuku isipokuwa kile nilichokitengeneza kwa mikono yangu. Risasi 13 zikaisha hivyo, na mtutu umekuwa wa moto hauguswi.

Afande alikuwa ananitazama kutoka kwenye kivuli. Akaja.

"Fundi, pumzika. Toa bolti." Nikatoa. Akaangalia chemba, akapitisha kidole. "Una noti?"

Nikampa ya elfu moja. Akaizungushia mtutu kwa chini, akaiingiza kati ya chuma na mti kuanzia mbele, akaanza kuivuta kuelekea kwenye chemba, mkono mmoja huku na mwingine huku, kama mtu anayesugua kisigino. Noti ilipita vidole vinne hivi, ikakwama. Akaivuta upande wa kulia, ikasogea. Upande wa kushoto haikusogea kabisa. Akaichomoa, akanionyesha mkunjo.

"Darubini haina kosa," akasema. "Mti wako unausukuma mtutu."

Nikaelewa yote kwa mara moja, nikiwa nimesimama pale. Mti mkavu wa ndani ya mfereji ulikunywa unyevu masika yote. Nje mafuta yaliuzuia, ndani hakukuwa na kitu cha kuuzuia, na mti ukilowa upande mmoja huvimba na kupinda. Ukaja kuulalia mtutu kutoka kushoto na chini. Mtutu unapopigwa unatetemeka, na ukiegemewa na kitu upande mmoja hutetemekea upande wa pili. Kila risasi inaupasha moto, nao ukipata moto unatanuka na kuuegemea mti zaidi. Ndiyo ile ngazi: kulia na juu, kulia na juu. Karatasi ilikuwa inanieleza mti wangu una nini tangu kundi la kwanza, mimi nikawa naijibu kwa kuzungusha darubini.

Njiani kurudi sikuongea. Nilikuwa nahesabu. Kundi lililotawanyika sentimita 14 kwa mita 100 linatawanyika 28 kwa mita 200. Kifua cha swala pala, mahali ambapo risasi inamwangusha pasipo kuteseka, ni kama sahani ndogo. Ningeenda porini mwezi wa saba na karatasi ya mwezi wa pili mfukoni, nikiwa na uhakika, ningempiga tumboni. Swala wa tumbo hukimbia. Baba aliwahi kumfuata mmoja aliyejeruhiwa na mgeni wake, toka asubuhi mpaka giza, akamkuta fisi wameshatangulia. Alikuwa akisimulia hadithi nyingi za porini kwa furaha, ile aliisimulia mara moja tu, na hakuimalizia.

Nyumbani nikafungua. Ndani ya mfereji, upande wa kushoto, kulikuwa na mstari unaong'aa urefu wa kalamu, mti umesuguliwa na chuma mpaka umekuwa kama kioo. Sikuukata siku ile. Niliuacha mti chumbani wiki tatu, hewani, ukauke kwa kasi yake. Mti uliovimba ukiuchonga leo, ukikauka kesho unakuwa umekata zaidi ya haja. Kisha nikafunga msasa kwenye kipande cha bomba kinene kuliko mtutu kidogo, nikaupanua mfereji wote mpaka mwanya ukafika milimita moja na nusu kila upande. Unaonekana. Mtu anayejua useremala akiutazama kwa mbele anaweza kudhani mkono uliteleza, na uniamini, ilinigharimu kuacha hivyo.

Halafu nikapaka ndani. Mfereji, mashimo ya skrubu, chini ya mpira wa kitakoni ambapo nyuzi zimekatwa na zinakunywa maji kama mirija. Mkono wa kwanza mti uliunywa wote ndani ya dakika. Wa pili vilevile. Nilipaka mpaka tone la maji likisimama juu yake linabaki duara. Kuanzia hapo hata makabati ninayotengeneza napaka mgongo. Vijana wanasema naharibu vanishi bure. Wateja wengine wananiuliza kwa nini bei imepanda kidogo, nawaeleza, na kama hawataki waende kwingine.

Kabla ya kurudi renji nilifungua daftari. Nashukuru nilikuwa nimeandika kila tiki: 20 kushoto, 6 chini. Nikazirudisha zote, kwa sababu zilikuwa dawa ya ugonjwa ambao haupo tena. Mwisho wa mwezi wa sita, kusi likivuma baridi ya asubuhi, nikapiga tano, dakika tano kati ya moja na nyingine. Kikombe cha kahawa kikayafunika matundu. Mjomba akataka tusherehekee. Nikamwomba tusubiri, kwa sababu mwezi wa sita ni kiangazi na mti haujajaribiwa na chochote. Kibali sikukiomba mwaka ule.

Ikapita vuli, ikapita kaskazi, masika yakaja tena. Aprili nzima nililiacha sanduku palepale kwenye kona inayotoa jasho, makusudi. Wiki ya tatu ya Mei nikaenda renji, mvua imekatika asubuhi hiyohiyo, nyasi bado zina maji. Afande ni yuleyule. Hakuniuliza kitu, alinyoosha kiganja tu, nikampa noti.

Akaipitisha chini ya mtutu, akaivuta. Ikateleza bila kusita mpaka karibu na chemba, akairudisha mpaka mbele, akanipa. Nikapiga ya kwanza na mtutu ukiwa wa baridi. Nikasubiri. Ya pili, ya tatu. Nilizimaliza tano taratibu, nikatembea mita 100 kwenye majani yaliyolowa hadi viatu vikajaa maji, kikombe kiko mfukoni. Nikakiweka juu ya karatasi.

Nikarudi mezani, bolti ikiwa nje, nikainua mkono kumwita afande aje aangalie chemba.